Aktiki: barafu inapungua, lakini meli za watalii zinazidi kungoja

Kila mwaka, kati ya mwezi wa saba na mwezi wa tisa, kuna meli za watalii zinazosimama kaskazini mwa Kanada na kandokando ya Greenland zikingoja. Abiria wamekwisha lipa, ndege zimewafikisha, chakula kimepakiwa. Lakini kapiteni anaangalia ramani ya barafu ya siku hiyo na kusema: bado. Safari inasogezwa siku moja, siku mbili. Mara nyingine njia inabadilishwa, ao safari yote inafutwa.

Mtu ana haki ya kuuliza: si tunaambiwa kila siku kwamba barafu ya Aktiki inayeyuka? Kama inayeyuka, meli inazuiliwa na nini? Jibu linaonyesha kosa ambalo wafanyabiashara na serikali wamelifanya kwa miaka mingi, yaani kudhani kwamba barafu ikipungua, njia inakuwa nyepesi.

Hesabu zenyewe hazina mjadala

Setilaiti zinapima barafu ya bahari ya Aktiki tangu mwaka 1979. Mwezi wa tisa wa mwaka huo, wakati barafu inakuwa ndogo kuliko wakati mwingine wote, ilibaki kiasi cha kilomita za mraba milioni 6.9. Mwaka 2012 ilishuka mpaka milioni 3.4. Mwaka 2024 ilikuwa karibu milioni 4.3. Tofauti kati ya 1979 na 2024 inapita ukubwa wa Kongo yetu yote, yenye kilomita za mraba milioni 2.3.

Ndiyo maana makampuni ya utalii yaliona soko jipya. Njia ya Kaskazini-Magharibi, inayopita katikati ya visiwa vya Kanada kuunganisha bahari ya Atlantiki na Pasifiki, ilimmeza John Franklin na watu wake 128 waliotoka Uingereza mwaka 1845. Roald Amundsen wa Norway ndiye wa kwanza kuivuka kwa meli, na ilimchukua kuanzia 1903 mpaka 1906. Mwaka 2016, meli ya starehe Crystal Serenity ilisafiri kutoka Alaska mpaka New York kwa kupitia njia hiyohiyo kwa muda wa mwezi mmoja tu, ikiwa na abiria karibu 1,000 waliolipa zaidi ya dola 20,000 kila mmoja. Wengi walisema mlango umefunguka.

Barafu kongwe inashuka

Mlango haukufunguka namna hiyo. Barafu ya bahari si ya aina moja. Kuna barafu changa, iliyoganda wakati wa baridi ya mwaka huu. Hiyo ni nyembamba na jua huiyeyusha haraka. Halafu kuna barafu kongwe, iliyopita miaka mingi bila kuyeyuka. Hiyo ni ngumu na nene, mita kadhaa, na inaweza kutoboa meli isiyojengwa kwa kazi hiyo.

Barafu kongwe imebaki zaidi kaskazini kabisa, juu ya visiwa vya Kanada na Greenland. Zamani, barafu iliyoganda katika mikono ya bahari katikati ya visiwa ilikuwa kama kizuizi kinachoishikilia isishuke. Sasa kizuizi hicho kinavunjika mapema, na barafu kongwe inateremka kusini mpaka kwenye sehemu nyembamba ambamo meli zinapita. Utafiti uliotolewa mwaka 2024 ulionyesha kwamba kati ya 2007 na 2021, siku ambazo meli zinaweza kupita zilipungua katika sehemu kadhaa za Njia ya Kaskazini-Magharibi.

Tena, barafu iliyovunjika haikai mahali pamoja. Upepo ukigeuka, mkono wa bahari uliokuwa wazi asubuhi unaweza kufungwa kabla ya jioni. Kapiteni anayeahirisha safari anafanya hivyo kwa sababu ramani ya jana inaweza kuwa uongo leo.

Mwaka 2018: mfano wa kukumbukwa

Mwaka huo barafu ilijaa katika Njia ya Kaskazini-Magharibi kupita kawaida, mpaka walinzi wa pwani wa Kanada wakashauri boti za matembezi zisijaribu kuivuka. Mwezi wa nane, boti ndogo ya Anahita ilibanwa na barafu katika mlango wa bahari wa Bellot, ikazama. Watu wawili waliokuwa ndani walikimbilia juu ya kipande cha barafu mpaka helikopta ilipowachukua.

Siku chache mbele ya hapo, meli ya watalii Akademik Ioffe ilikwama juu ya mwamba karibu na Kugaaruk. Hapo barafu haikuwa na kosa: sehemu kubwa ya bahari ile haijapimwa kina chake kwa vyombo vya kisasa. Ni meli dada yake iliyofika kuwachukua abiria. Greenland nayo ilionja hali hiyo mwaka 2023, wakati Ocean Explorer, yenye watu 206, ilipokwama kwa siku tatu, huku meli ya jeshi la Denmark iliyotumwa kusaidia ikiwa mbali zaidi ya kilomita 2,000.

Wanaolipa kwa kweli

Hata hivyo, hasara kubwa ya 2018 haikuwa ya watalii. Vijiji vingi vya Wainuit vya kaskazini havina barabara inayoviunganisha na sehemu nyingine za Kanada. Mizigo mizito huletwa kwa meli wakati wa kiangazi tu: mazutu ya mitambo ya umeme, vyakula, magari, vifaa vya kujengea. Mwaka huo barafu ilizuia meli za mizigo kufika Paulatuk, Kugluktuk na Cambridge Bay, na safari hizo zikafutwa. Baadhi ya vitu ilibidi vipelekwe kwa ndege. Msomaji wa Shabunda ao Walikale hahitaji kuelezwa kinachotokea kwenye bei wakati ndege inachukua nafasi ya barabara.

Ni kweli kwamba watalii huacha feza. Katika kijiji kama Pond Inlet, wachongaji na waongozaji hupata kazi meli inapotia nanga. Lakini meli ikibadilisha njia kwa sababu ya barafu, kijiji kilichojitayarisha kinabaki na mikono mitupu, na hakuna anayekirudishia gharama. Na meli za serikali za kuvunja barafu ni chache. Ile inayokimbia kuokoa watalii haiwezi saa ileile kuifungulia njia meli ya mazutu.

Kwa hiyo kuahirisha safari si aibu. Ni uamuzi wa maana kuliko yote ambayo kampuni inaweza kufanya. Ila kampuni ingepaswa kumwambia mteja kabla hajalipa kwamba tarehe na njia havina hakika. Ingepaswa pia kulipia uokoaji ikiwa imejitia yenyewe katika hatari, na kuvipa vijiji sehemu ya malipo hata kama meli haikufika. Na serikali ya Kanada ingetangaza wazi kwamba, barafu ikibana, meli ya mizigo inatangulia.

Mtalii aliyechelewa atarudi kwake na picha chache. Mkaaji wa Kugluktuk, mzigo wake usipofika mwezi wa tisa, atangoja mpaka kiangazi kingine.