Muungano wa Khiari Usio na Mlango

Dola ya Uingereza imekusanya mataifa kadhaa: Waingereza wenyewe, Waskoti, watu wa Wales na wa Ireland ya Kaskazini. Viongozi wake hupenda kusema kuwa huo ni muungano wa khiari, hapana aliyefungwa kamba. Ni maneno mazuri. Lakini sisi twauliza: ikiwa ni khiari, Mskoti atakaye kutoka apite mlango gani?

Mwaka 1707 Bunge la Uskoti lilipojimaliza na kuingia katika lile la London, raia hawakuulizwa. Mwaka 1979 waliulizwa kama wataka bunge lao, na asilimia 51.6 ya waliopiga kura wakasema ndio. Lakini Bunge la London lilikuwa limeweka sharti kwamba hao wa ndio wafike asilimia 40 ya wote walioandikishwa. Hawakufika, jambo likafa. Aliyelala nyumbani siku ile alihisabiwa sawa na aliyesema la! Mpaka 1997 ndipo walipoulizwa tena, asilimia 74 wakakubali, na bunge likafunguliwa Edinburgh mwaka 1999. Ugatuzi huo una kheri zake, wala hatuzikatai.

Kisha ikaja kura ya uhuru ya mwaka 2014. Asilimia 55 walikataa kujitenga, 45 walitaka. Ilikuwa kura ya haki, na aliyeshindwa hana budi kukubali. Lakini waliopinga uhuru waliwahofisha watu kuwa wakijitenga watatoka katika Umoja wa Ulaya. Haikupita miaka miwili: mwaka 2016 asilimia 62 ya Waskoti waliopiga kura walichagua kubaki Ulaya, na mwaka 2020 wakatolewa kwa wingi wa kura za wenzao.

Wako wasemao: "Alex Salmond, kiongozi wenu mwenyewe, alisema ile ni fursa ya mara moja katika kizazi. Mwataka nini tena?" Ni kweli aliyasema, na chama chake kisijifanye kimesahau. Lakini neno la jukwaani silo mkataba, na katika mapatano yaliyotiwa saini Edinburgh mwaka 2012 halimo.

Novemba 2022 Mahakama ya Juu ilihukumu kuwa Bunge la Edinburgh haliwezi kuitisha kura nyingine pasi na ruhusa ya London. Hatuwalaumu mahakimu, waliisoma sharia waliyoikuta. Twailaumu sharia inayompa mshirika mmoja ufunguo, kisha ikamwambia mwengine kuwa yumo kwa khiari yake. Watu wawili wakishirikiana duka huandikiana mapema vipi kila mmoja atatoa fungu lake. Akataaye kuandika ana lake jambo.

Wala si jambo lisilowezekana. Kwa Ireland ya Kaskazini liliandikwa tangu 1998: waziri akiona yaelekea wengi wataka kuungana na Jamhuri ya Ireland, ni lazima aitishe kura, na baina ya kura na kura ipite miaka 7. Kupima ni kwake waziri, na hiyo ni ila. Lakini mlango upo. Ulipatikana baada ya miaka kama thalathini ya damu. Je, Waskoti, waliodai kwa kura na kwa amani, wanyimwe kwa sababu hawakumwaga damu? Hilo ni somo baya kuwafunza watu.

Na mtu wa pwani asidhani haya ni ya mbali. Mapatano ya Oktoba 1963 yaliyoutia mwambao ndani ya Kenya yalitiwa saini London, pasi na wenyeji kupigishwa kura ya maoni.

Sisi hatusemi Uskoti ijitenge wala ibaki. Hilo ni lao. Twasema London na iandike: nani ataitisha kura, kwa dalili gani, na baada ya miaka mingapi. Hapo Waskoti wakibaki, watakuwa wamebaki kwa khiari yao kweli.