Mnunuzi asidanganywe na bei ya fuwele

Hoja inayotolewa mara kwa mara kuvinadi vihisi vinavyopima majimaji kwa mawimbi ya sauti ni kwamba vitakuwa vya bei nafuu. Safu hii inakubali nusu tu ya hoja hiyo.

Nusu yenyewe ni fuwele. Mwaka 1965 White na Voltmer wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kwamba nyuzi za chuma zilizopangwa juu ya fuwele kama meno ya machanuo mawili yaliyopishana, zikipewa umeme, hutoa wimbi linalotambaa usoni mwa fuwele hiyo. Ufundi huo uliingia kwenye simu za mkononi kuchuja masafa, na viwanda vikazoea kukata mamia ya vipande kutoka bamba moja. Hapo bei ikaporomoka.

Lakini kihisi cha majimaji si kichujio cha simu. Tone likikaa juu ya fuwele, wimbi la kupanda na kushuka humezwa na tone lenyewe. Mtengenezaji hulazimika kutumia wimbi linalotikisika kandokando, mara nyingi kwa fuwele ya lithiamu tantaleti. Kisha abandike juu yake mfereji mwembamba kama unywele. Kuta za mfereji zikikandamiza njia ya wimbi, kipimo huharibika, zikilegea, huvuja. Joto nalo hupotosha usomaji, kwa hiyo huongezwa mfereji wa pili wa kulinganisha. Na kama kinachotafutwa ni ugonjwa, uso wa fuwele hupakwa kingamwili, ambazo huchakaa ghalani na hazifai kwa damu ya mgonjwa wa pili. Mwandishi huyu alisoma biashara, si fizikia, lakini gharama zinakohamia anakuona.

Soko letu limekwisha kuonja hali hiyo. Mashine za GeneXpert za kupima kifua kikuu, zinazotumika Tanzania na Kenya, hula katriji moja kwa kila kipimo. Mwaka 2012 ilihitajika fedha ya wafadhili kushusha bei ya katriji kutoka dola 16.86 hadi 9.98 kwa nchi zenye kipato kidogo, na baada ya miaka 11 ya kelele, mwaka 2023, ikafika dola 7.97. Mashine ilinunuliwa mara moja. Katriji inanunuliwa kila siku.

Kwa mwenye kupima maziwa au mafuta ya mitambo, ambaye huosha kihisi na kukitumia tena, hesabu ni nyingine na huenda ikamlipa. Hospitali ndizo zenye wasiwasi wa haki. Zabuni zao zisiulize bei ya mashine peke yake. Ziulize bei ya kila kipimo kwa miaka mitano, katriji hudumu miezi mingapi bila jokofu, na kama kampuni nyingine inaruhusiwa kuitengeneza. Muuzaji asiyetaka kuyajibu hayo kwa maandishi asifunguliwe bahasha.