Mchana Kiswahili, Usiku Broadway

Vijana wenzangu, nyinyi mnaoandika usiku na kuficha daftari mchana, hebu leo tuambiane ukweli. Karatasi ya msimu mpya wa kikundi cha maigizo cha chuo nilichosomea imebandikwa tena ukutani karibu na mesi, na ukiisoma utajua hakuna kilichobadilika. Michezo mitano. Mitatu ni setibuku, miwili ni ya kuimba, kutoka ng'ambo. Wa mwanafunzi hata mmoja, hakuna. Chuo sikitaji jina, kwa sababu wewe unayesoma hapa pengine unadhani nasema chako. Na pengine hujakosea.

Nilikaa ndani ya kikundi hicho miaka mitatu na ushee, kwa hivyo sisemi ya kuambiwa. Mambo huenda hivi. Mchana mabasi ya shule yanaingia, wanafunzi wa sekondari wanajazana ukumbini mpaka ngazini, na sisi tunawachapia kitabu wanachotahiniwa. Kigogo ya Pauline Kea nimeiigiza mpaka mistari ya wenzangu naijua kwa kichwa. Ilipotoka kwenye mtihani ikaja Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, nasi tukabadilisha maleba, kazi ikaendelea. Doo zinaingia, watoto wanacheka, Kiswahili kinanguruma. Halafu jua likitua, mlango ule ule unawekewa zulia, bei ya tikiti inapanda, wageni wa heshima wanakaa viti vya mbele, na sisi tunageuza ulimi. Usiku ni Broadway.

Yaani setibuku ya mchana ndiyo inayolipia mataa ya usiku. Kiswahili ni punda aliyebeba vyakula vya harusi, lakini kwenye karamu hana kiti.

Sisemi The Sound of Music ni mchezo mbaya. Kwanza mimi mwenyewe niliucheza: nilikuwa askari wa Hitler, mistari miwili na buti za kubana. Ni hadithi ya familia ya waimbaji wa Austria wanaokimbia nchi yao baada ya Wanazi kuitwaa mwaka 1938. Inauma, na nyimbo zake ni tamu. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ulianza usiku wa pili, mama yangu alipokuja kunitazama.

Mama anauza mitumba. Siku hiyo alifunga kibanda mapema, akavaa kitenge chake cha harusini, akalipa tikiti. Nilikuwa nimemwambia nitamwingiza bure, akakataa. Alikaa nyuma kabisa mpaka mwisho, hashiki hata wimbo mmoja. Tulipotoka akaniuliza, "Sasa wale watu walikuwa wanapanda mlima kwenda wapi?" Nikamwambia, mama, wanakimbia, kwao kumeharibika. Akanyamaza mpaka steji. Tukingoja matatu, akasema polepole, "Hata sisi tulikimbia. Na tuliimba."

Mama alitoka Burnt Forest Januari 2008, moto wa baada ya uchaguzi ukiwaka, mimi mtoto wa miaka minne nikiwa mgongoni. Tulilala kwenye uwanja wa maonyesho wa Eldoret pamoja na maelfu ya wengine, na usiku kina mama walikuwa wakiimba ili watoto wasisikie mengine. Mimi siyakumbuki hayo. Mama anayakumbuka, na nyimbo zote anazo, ila hakuna aliyewahi kumuuliza. Mwanawe aliyeko chuoni alikuwa na kazi nyingi, anafunza miguu yake mwendo wa askari wa Kijerumani.

Basi nikaandika. Miezi minne. Mchezo wenye nyimbo kumi na moja, nyingi za mama, kwa Kiswahili, Kikuyu na lugha ya mtaa. Nikaupeleka kwa wakubwa wa kikundi. Ulirudi baada ya wiki mbili na sababu tatu. Nazijibu hapa kwa sababu najua si mimi peke yangu niliyepewa.

Ya kwanza: "Hauna soko." Jamani! Wale waliojaza mabasi ni kina nani? Wakimaliza mtihani masikio yao yanazibwa? Sisi ndio tuliowafunza kwamba Kiswahili jukwaani ni cha kupitia mtihani, kisha tunashangaa hawarudi usiku. Tena mchezo wa Broadway unaulipia haki ya kuigiza, kwa pesa za kigeni, kabla hujaokoa hata gharama ya rangi ya pazia. Wangu niliutoa bure. Nani hapa hajui biashara?

Ya pili: "Hii si myuzikali halisi." Hapa nilicheka, nusura nilie. Mwaka 1982 kikundi cha Kamĩrĩĩthũ cha Limuru, wakulima na wafanyakazi, kilitayarisha Maitũ Njugĩra ya Ngũgĩ wa Thiong'o, mchezo uliojaa nyimbo za jamii mbalimbali za Kenya. Walipofungiwa milango ya Kenya National Theatre, walifanyia mazoezi ukumbini Chuo Kikuu cha Nairobi. Mazoezi tu, wasee! Watu wakaja kwa maelfu kuyatazama, mpaka nayo yakakomeshwa. Machi mwaka huo polisi wakaenda Kamĩrĩĩthũ wakaubomoa ukumbi ambao wanakijiji walijijengea kwa mikono yao. Hiyo nayo haikuwa myuzikali? Iliyofungiwa mlango wa chuo kwa sababu watu walikuja mno?

Ya tatu: "Ni siasa, utatuletea shida." Hii angalau ina ukweli, na wimbo wake ni wa zamani. Mwaka 1976 The Trial of Dedan Kimathi, ya Ngũgĩ na Mĩcere Gĩthae Mũgo, ilipewa siku chache tu pale Kenya National Theatre. Ukumbi ulikuwa umetengewa, miongoni mwa mengine, myuzikali ya Broadway, A Funny Thing Happened on the Way to the Forum. Miaka inapita, foleni ni ile ile, na anayesukumwa nyuma ni yule yule. Na Aprili 2025, kwenye tamasha la drama kule Nakuru, wasichana wa Butere waliokuja na Echoes of War waliimba wimbo wa taifa wakaondoka bila kuigiza, na polisi wakarusha gesi ya machozi kutawanya watu. Wasichana wa sekondari! Sasa niambie, msimu wetu wa chuo umewahi kumkosesha nani usingizi? Wageni wa viti vya mbele husinzia humo humo ukumbini.

Tusijidanganye lakini. Kosa si la wakubwa peke yao. Sisi waandishi tunalia kwamba hatuchezwi, na miswada yetu inaishia onyesho la pili. Tunaogopa mazoezi, tunaogopa kurekebishwa, tunapenda kuitwa waandishi kuliko kuandika. Ebrahim Hussein alitoa Kinjeketile mwaka 1969 kabla hajafika miaka thelathini. Makerere nao, mwaka 1965, walipakia michezo yao na kuipeleka kwa watu, kwa lugha zao, bila kiingilio. Walikuwa wanafunzi kama sisi.

Ninachodai ni kidogo. Kila msimu, mchezo mmoja mpya wa mwanafunzi, uchezwe usiku, kwenye zulia lile lile na mataa yale yale. Na kila msimu, onyesho moja litoke nje ya geti, bure. Setibuku zibaki, zinatulisha. Broadway nayo ibaki, tujifunze ufundi. Lakini ijifunze kukaa foleni.

Mimi sikungoja jibu la pili. Tuko saba, tunafanya mazoezi Jumapili jioni nyuma ya vibanda vya mitumba, soko likishafungwa. Nyimbo anatufunza mama, na akikosea mtu anamwanzisha upya bila huruma. Kiingilio hakuna. Asiyekubaliana na niliyoandika aje pia, ila aje na mswada wake, tena uwe umekamilika.