Cheti ukutani hakitoshi

Mkazi wa Kiseke, Mwanza, anayeamka na homa anaweza kupimwa jirani na nyumbani au kupanda daladala hadi hospitali ya Sekou Toure au Bugando. Popote atakapokwenda, karatasi ya majibu ndiyo itakayoamua dawa atakayomeza. Cheti cha usajili kinaonyesha kwamba maabara inaruhusiwa kufanya kazi, lakini hakionyeshi kwamba vipimo vya leo ni sahihi. Utafiti uliofanywa katika vituo vya Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha ukubwa wa tatizo: vituo viliripoti malaria katika zaidi ya nusu ya slaidi, ilhali wasomaji mabingwa waliikuta katika takribani 2 tu kwa kila 100.

Kinga ya tatizo hilo inajulikana. Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, mtaalamu hupima sampuli ambayo kiwango chake kinafahamika. Ikiwa sukari yake ni 5.5 mmol/L na mashine inasoma 7.3, kazi husimama: vitendanishi na joto la jokofu hukaguliwa, mashine hurekebishwa, kipimo hurudiwa na matokeo kuingizwa kwenye chati ya udhibiti. Bila hatua hiyo, mtu mzima ambaye hajala na hana ugonjwa anaweza kuambiwa ana kisukari, maana mpaka wake ni 7.0.

Wenye maabara ndogo watasema sampuli hizo ni ghali. Ni kweli, lakini gharama ya jibu baya haifutiki; anaibeba mgonjwa anayemeza dawa mseto ya malaria huku nimonia ikimla. Isitoshe, kuhifadhi slaidi ili zisomwe upya na mtaalamu mwingine hakuhitaji fedha nyingi. Wengine watasema daktari hutibu mgonjwa, hatibu karatasi. Lakini homa nyingi hufanana, na ndiyo maana tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Pendekezo hilo halina maana kama kipimo chenyewe hakiaminiki.

Manispaa ya Ilemela na Bodi ya Maabara Binafsi za Afya zizitake maabara zote zibandike mapokezi chati ya udhibiti ya mwezi husika. Nawe msomaji, kabla ya kutoa damu, uliza: mashine hii imehakikiwa leo? Ni haki yako kujibiwa.