Wanaomcheka Dundu wa Mavi

Kuna hoja inayorudiwa kila mara parokiani tunapogusa habari ya viumbe: ati watu wanakufa kwa vita, wengine wanalala katika makambi ya wakimbizi, nanyi makatekista mwataka kutuhubiria wadudu! Hoja hii husemwa kwa sauti ya huruma, na kwa sababu hiyo wengi hawathubutu kuipinga. Sisi twaipinga. Haimhurumii maskini hata kidogo, maana maskini wa kwetu anaishi kwa udongo, na udongo una watumishi wake.

Mtazameni dundu wa mavi. Ng'ombe akisha kuangusha kinyesi malishoni, madundu hufika upesi. Wengine hukaa humo humo, wengine huchimba mashimo chini yake na kukishusha, wengine hufinyanga donge na kulivingirisha mbali kwa miguu ya nyuma, kichwa kikielekea chini. Katika donge lililozikwa jike hutaga yai, na buu hupata chakula chake humo. Hivyo mbolea huingia ardhini pasipo jembe, maji ya mvua hupata njia ya kupenya, na nzi hukosa mahali pa kuzalia. Katika Afrika ya Mashariki wataalamu walipata kuhesabu madundu 16,000 juu ya kilo moja na nusu tu ya kinyesi cha tembo. Kwa muda wa saa mbili kikawa kimekwisha. Tena wako wa usiku ambao hushika njia iliyonyooka kwa kuutazama ule mkanda mweupe wa nyota unaokatiza anga. Jambo hilo lilithibitishwa Afrika ya Kusini na kutangazwa mwaka 2013. (Twawajua wenye diploma wasioweza kuonyesha kaskazini hata mchana.)

Wanaocheka na wawaulize Waaustralia. Ng'ombe walipofikishwa huko mwaka 1788, madundu wa nchi hiyo walikuwa wamezoea kinyesi kidogo na kikavu cha kanguru, nao hawakukiweza cha ng'ombe. Kikakauka juu ya majani, malisho yakaharibika, nzi wakajaa. Ndipo katika miaka ya 1960 taifa hilo tajiri likaanza kazi, kwa shauri la mtaalamu George Bornemissza, ya kutafuta madundu ng'ambo, wengi wao barani Afrika. Walifungua aina zaidi ya 40, na zaidi ya 20 zikashika makao. Walichokigharimia kwa fedha nyingi, sisi tulipewa bure, nasi twakikanyaga.

Na twakiua. Iko dawa ya minyoo na kupe iitwayo ivamektini. Hatuishitaki: ni ile ile ambayo kwa jina la Mectizan imeokoa macho ya watu wengi katika vijiji vya kando ya mito, na anayeigawa anafanya kazi ya Bwana. Lakini ng'ombe akidungwa, sehemu kubwa hutoka pamoja na kinyesi ingali na nguvu, siku nyingi baadaye, na mabuu hufa humo. Basi tunamlaumu mwenye ng'ombe anayedunga kundi zima, wagonjwa na wazima, kwa sababu tu muuza dawa amemwambia hivyo.

Mwituni hali ni mbaya zaidi. Kima na sokwe hula matunda na kuangusha mbegu katika kinyesi. Dundu huizika mbegu hiyo, panya asiione, nayo huota. Tukiwamaliza kima kwa ajili ya nyama, dundu hukosa chakula na mti hukosa mpanzi. Tukikata miti kwa makala, jua huingia, na aina zilizozoea kivuli haziwezi kuhamia shambani. Msitu waweza kusimama bado, lakini hauzai tena watoto wake.

Wengine hukimbilia Kitabu cha Mwanzo: tumepewa kutawala. Wasome basi sura ya 2, aya ya 15, panapotajwa kulima na kutunza. Wasome pia habari za Nuhu, ambaye safinani mwake viumbe watambaao hawakuachwa nje. Papa Fransisko naye, katika waraka Laudato Si' wa mwaka 2015, namba 34, aliwataja minyoo na wadudu waziwazi. Asemaye hili si jambo la Kanisa na abishane na waraka huo.

Na ile vita? Makala yanayochomwa ndani ya Hifadhi ya Virunga yamewalisha wenye silaha miaka mingi. Anayetuambia tungoje amani kwanza ndipo tuutunze msitu, anatuambia tungoje huku chungu cha vita kikichochewa kwa miti yetu wenyewe.

Vikundi vya Masisi na vya malisho mengine, waulizeni wenye ng'ombe katika jumuiya zenu: walidunga lini, na kwa ugonjwa gani? Ng'ombe aliyedungwa na afungiwe pembeni siku kadhaa, wazima waachwe malishoni. Kisha pindueni kinyesi cha juzi kwa kijiti, mhesabu mashimo yaliyo chini yake.