Acheni kurithishana slaidi, tushone kiolezo chetu

Naandika kutoka huku eThekwini, mji ambao wengi wenu mnaujua kwa jina la Durban. Bahari ni ile ile ya Hindi mnayoogea Coco Beach na Forodhani, ila huku ina mawimbi ya kumtupa mtu ufukweni kama gunia.

Leo sina picha za ufukweni. Nina hoja, na najua itawaudhi baadhi ya rafiki zangu.

Kila mwaka, ikikaribia miezi ya wanafunzi wetu kutetea mapendekezo ya utafiti, simu yangu haipumziki. Ujumbe ni ule ule: "Kaka, nirushie slaidi zako nibadilishe jina tu." Na si wanafunzi peke yao. Wa asasi wananiandikia, wa ofisini wananiandikia, hata jamaa mmoja wa kamati ya harusi alitaka "zile slaidi zenye rangi ya bluu" awaonyeshe wajumbe bajeti! Sisi Waafrika Mashariki huku ugenini tumejenga utamaduni kamili wa kurithishana slaidi. Faili moja linatoka kwa Mkenya, linakwenda kwa Mtanzania, linaishia kwa Mkongo, na kila mmoja anafuta kidogo na kuandika juu yake.

Msimamo wangu ni huu: tuache. Badala ya kurithishana slaidi zilizokwisha kutumika, tutengeneze kiolezo. Wengine mnakiita templeti, sawa tu. Lakini hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa, na watu wanavichanganya kila siku.

Slaidi za mwenzako ni nguo yake aliyokwisha kuivaa. Ukiivaa unaingia na jasho lake. Jina lake linabaki kwenye sifa za faili hata ukilifuta ukurasa wa kwanza. Maelezo aliyojiandikia chini ya slaidi yanabaki. Tarehe ya zamani inabaki pembeni. Kuna kijana wa kwetu, jina simtaji, alisimama mbele ya jopo katika chuo kimoja hapa Afrika Kusini, slaidi ya tisa ikatokea na jina la msimamizi wa mtu mwingine chini kabisa. Swali la kwanza aliloulizwa halikuhusu utafiti wake. Aliulizwa: kazi hii ni ya nani? Utafiti ulikuwa wake, data alikusanya mwenyewe kwa miezi, lakini dakika kumi zake zote ziliishia kujitetea kwamba yeye si mwizi. Huko ndiko tunakopelekana kwa jina la kusaidiana.

Kiolezo ni kitu kingine. Muulizeni fundi cherehani yeyote. Fundi ana karatasi yake aliyokata mara moja: kola, mkono, mgongo. Akija mteja mwembamba au mnene anaitandika juu ya kitambaa kipya na kukata. Karatasi haivaliwi. Inabaki ukutani ikingoja mteja wa kesho.

Kwenye kompyuta mambo ni hayo hayo. Ndani ya PowerPoint au Impress ya LibreOffice, ukifungua menyu ya mwonekano, kuna slaidi moja inayotawala zote. Mimi naiita slaidi mama. Ukiweka nembo pale, inatokea kila mahali. Ukibadilisha aina ya herufi pale, slaidi 40 zinabadilika kwa mkupuo. Chini yake wapo watoto wake: mpangilio wa ukurasa wa kichwa, mpangilio wa maandishi, wa picha, wa jedwali. Ukimaliza usihifadhi kama faili la kawaida, hifadhi kama kiolezo. Kwa PowerPoint kuanzia toleo la 2007 faili litaishia na .potx, kwa LibreOffice litaishia na .otp. Hapo ndipo uhondo ulipo: mtu akilibofya mara mbili .potx, programu inamfungulia nakala mpya tupu, na kile cha asili hakiguswi. Hakuna cha kufuta jina la mtu, kwa sababu hakuna jina la mtu.

Kazi ya jioni moja. Ukiacha uvivu, sioni cha kutuzuia.

Sasa najua kuna wasomi watanirukia. Watasema violezo vinaua fikra. Na hoja yao si ya kupuuzwa. PowerPoint ilipotoka mwaka 1987, kazi ya Robert Gaskins na Dennis Austin wa kampuni ya Forethought, ilikusudiwa kumsaidia mtu apange hoja zake mwenyewe. Microsoft ikainunua mwaka huo huo kwa dola milioni 14. Kufika miaka ya 1990 ikaja na kitu cha kukutayarishia hotuba nzima: chagua aina ya mkutano, vichwa vya habari vinajiandika. Unajaza nafasi, basi. Kilikuja kuondolewa kwenye toleo la 2007, lakini tabia yake imebaki vichwani mwa watu.

Mwaka 2003 profesa Edward Tufte wa Marekani aliandika kijitabu cha kuishambulia PowerPoint. Alichambua slaidi moja iliyoonyeshwa kwa wakuu wa NASA chombo cha Columbia kikiwa bado angani. Habari ya hatari ilikuwemo, ila imezikwa chini ya vidoti juu ya vidoti, kwa herufi ndogo. Columbia iliangamia Februari 1, 2003 na wanaanga wote saba. Tume ya uchunguzi nayo ikanung'unikia desturi ya kutumia slaidi mahali pa ripoti za kiufundi. Kwa hiyo msiniambie slaidi ni jambo la mapambo. Visanduku vinaamua nini kionekane na nini kifichwe.

Na sisi wa Durban tuna mfano wa karibu zaidi. Kuanzia mwaka 1873 Waingereza walishusha hapa Waafrika waliokombolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa, wengi wao Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji, waliopitishwa Zanzibar. Wakaitwa Wazanzibari. Waliishi King's Rest, upande wa Bluff, mpaka serikali ya ubaguzi ikawahamishia Chatsworth miaka ya 1960. Sheria ya mwaka 1950 ya kuandikisha watu kwa rangi ilikuwa na visanduku vyake tayari, na watu hawa hawakuenea kwenye kimoja. Weusi, Waislamu, si Wazulu, si Wahindi. Mara wakaandikwa Wabantu, baadaye wakaandikwa "Waasia wengineo". Hebu fikirini, Mmakua kuwa Mwasia kwa sababu fomu haina nafasi yake! Fomu nayo ni kiolezo. Aliyeitengeneza amekwisha kuamua wewe ni nani kabla hujafungua mdomo.

Kwa hiyo nakubaliana na wasomi hao nusu. Kiolezo kibaya kinafikiri badala yako. Ila dawa yake si kukosa kiolezo, maana asiye na chake atatumia cha mwingine, ama kile kilichokuja na programu, ama slaidi za kaka wa mwaka juzi. Dawa ni kutengeneza chako, na kujua kipi ukifunge na kipi ukiache wazi.

Mama zetu walilijua hili zamani. Tazameni kanga. Ina pindo kuzunguka pande zote, ina mji katikati, ina jina lake chini ya mji. Mpangilio ni ule ule ukienda Mombasa, Tanga, Unguja au Lindi. Lakini nani atasema kanga zote zinafanana? Pindo limetulia ili mji upate kucheza na jina lipate kusema, na wakati mwingine jina hilo linasema hadi jirani anahama mtaa! Kiolezo kizuri kiwe hivyo. Funga pindo: rangi, herufi, mahali pa nembo, namba ya ukurasa. Acha mji wazi: usimwandikie mtu vichwa vya hoja zake, usimlazimishe vidoti vitano kila ukurasa.

Jina je? Hapo naingia kwenye lugha, na hapa ndipo ninapokereka zaidi.

Nimehudhuria mikutano ya Waswahili watupu huku Durban. Watu 30 ukumbini, wote tunazungumza Kiswahili, mtoa mada anazungumza Kiswahili, halafu ukutani kila kichwa cha habari ni Kiingereza. Ukimuuliza anasema ndivyo slaidi zilivyokuja. Yaani faili ndilo limechagua lugha!

Wenyeji wetu wanatushinda. Shirika la Translate.org.za la hapa Afrika Kusini lilifanya kazi ya kuitafsiri OpenOffice kwa lugha za nchi hii, Kizulu kikiwemo. Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal tangu mwaka 2014 kinawataka wanafunzi wa shahada ya kwanza wasiojua Kizulu wajifunze. Na sisi hatukuwa nyuma: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima kwa Kiswahili. Wangapi kati yetu tuliitumia? Leo Kiswahili ni lugha rasmi ya SADC tangu 2019, Afrika Kusini yenyewe iliamua mwaka 2018 kiwe somo la hiari shuleni, na sisi wenye lugha tunashindwa kuandika "Matokeo" juu ya slaidi.

Ndiyo, mbele ya jopo la chuo utaandika Kiingereza, hilo halina ubishi. Basi kiolezo kiwe na mama wawili, mmoja wa Kiingereza na mmoja wa Kiswahili, faili moja. Kwenye yule wa Kiswahili weka lugha ya maandishi kuwa Kiswahili, usione kila neno limepigiwa mstari mwekundu kama vile umekosea kuzaliwa.

Mambo machache mengine kwa watakaoanza. Tumieni herufi za kawaida zinazopatikana kwenye kila kompyuta, maana herufi ya kifahari uliyoipakua Durban haipo kwenye kompyuta ya ukumbi wa Dodoma, na mistari itaruka. Rangi ziwe na tofauti kubwa: njano juu ya nyeupe inapendeza kwenye kioo chako, kwenye projekta iliyochoka haionekani. Nembo iwe nyepesi, bando si bure. Weka ukurasa mmoja wa mwisho wa vyanzo, uwepo siku zote, mtu aone aibu kuuacha mtupu. Jina la faili liwe na mwaka, na awepo mtu mmoja wa kulitunza, si kila mtu na lake. Na daima beba nakala ya PDF kwenye flashi. Waliokuwa huku mwaka 2023, umeme unakatika kwa zamu kila siku, wananielewa.

Najua kuna atakayesema ninawanyima wadogo zetu msaada. La hasha. Mdogo wangu akiniomba slaidi nikampa zangu, nimempa maneno yangu na mashaka yangu, na siku akiulizwa kitu mbele ya watu mimi sipo. Nikimpa kiolezo nimempa pindo, mji atauchora mwenyewe. Atahangaika usiku mmoja zaidi, ni kweli. Lakini kesho yake akiulizwa kazi hii ni ya nani, atajibu bila kugeuka kutazama ukuta.

Kwa hiyo viongozi wa jumuiya zetu, Watanzania, Wakenya, Waganda, Wakongo wa Durban, Pietermaritzburg na kwingineko, chagueni vijana wawili wenye macho na wapeni Jumamosi moja. Na wewe unayetaka kuniandikia wiki ijayo "Kaka, nirushie slaidi", jibu langu umeshalisoma. Kiolezo nitakupa. Slaidi, hapana.

Naomba kutoa hoja. Hambani kahle, kwaherini.