Bega Lililoumizwa na Sindano ya Chanjo: Haki Hulindwa kwa Maandishi



Familia nyingi za pwani siku hizi zina tawi lake bara. Vijana wetu wanasoma Thika, mabinti wetu wameolewa Ruiru, na wajukuu wanazaliwa huko huko. Huko ndiko wanakochanjwa pia: mja mzito dhidi ya pepopunda, binti wa miaka 10 dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, na mwenye kunuia Hijja au Umra dhidi ya homa ya uti wa mgongo. Chanjo hizo hudungwa sehemu ya juu ya mkono, chini ya bega. Safu ya wiki hii yahusu jambo lisilozungumzwa sana majumbani, nalo ni bega linaloumizwa na sindano yenyewe, na haki ya aliyeumizwa kudai fidia.

Kwanza tutofautishe. Mkono kuuma siku moja au mbili baada ya chanjo ni jambo la kawaida, na hupoa wenyewe. Dhara tunalolizungumzia ni jingine. Sindano ikidungwa juu mno, karibu na mfupa wa ncha ya bega, dawa huweza kuingia katika kifuko cha ute kilicho chini ya mfupa huo, au katika kiungo chenyewe, badala ya kuingia nyamani. Bega huwaka kwa ndani, na maumivu huanza aghalabu kabla ya saa 48 kupita. Baada ya hapo kiungo hukaza, pengine kwa miezi mingi. Mama hawezi kuinua mkono kwa takbira, kufunga ushungi, kumpakata mtoto wala kulalia ubavu ule.

Isidhaniwe kwamba tunailaumu chanjo. Dawa ile ile ikidungwa upana wa vidole viwili au vitatu chini ya mfupa wa bega, kwenye unene wa msuli, hufanya kazi yake bila dhara hili. Hitilafu imo mahali ilipopita sindano. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa dai. Mwenye kudai hana haja ya kuthibitisha kwamba chanjo ni mbaya. Ana haja ya kuonyesha kwamba ilidungwa pasipo pake. Wala asiache kumchanja mwanawe kwa sababu ya kosa la mkono wa mtu mmoja.

Mataifa mengine yamelitungia jambo hili utaratibu wake. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1986, na mfuko wa fidia ukaanza kazi mwaka 1988, ukigharimiwa na kodi inayotozwa kwa kila chanjo. Mwaka 2017 jeraha la bega liliongezwa katika orodha ya madhara yanayotambuliwa. Huko mdai halazimiki kuthibitisha uzembe wa muuguzi. Huonyesha kwamba bega halikuwa na ugonjwa kabla ya sindano, kwamba maumivu yalianza ndani ya saa 48, kwamba yako katika bega lile tu lililodungwa, na kwamba hakuna sababu nyingine ya kuyaeleza. Uingereza nayo, kwa sheria ya mwaka 1979, hutoa pauni 120,000, lakini kwa aliyelemaa kwa asilimia 60 au zaidi, kipimo ambacho mwenye maumivu ya bega ni nadra kukifikia.

Kenya haina mfuko kama ule wa Marekani. Mwaka 2021, chanjo za Korona zilipoletwa kupitia mpango wa COVAX, Shirika la Afya Duniani lilianzisha utaratibu wa fidia kwa nchi 92, na Kenya ni mojawapo. Lakini ulihusu chanjo hizo tu, na madhara mazito ya kudumu au kifo. Aliyeumizwa bega kwa chanjo ya pepopunda katika zahanati ya Ruiru hana budi kupita njia ya kawaida ya sheria.

Njia hiyo ina milango miwili. Wa kwanza ni malalamiko. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inampa kila mgonjwa haki ya kulalamika juu ya namna alivyotendewa, na malalamiko yake yachunguzwe. Huandikiwa msimamizi wa kituo. Kisha, ikihitajika, Baraza la Wauguzi, au Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Bodi ya Dawa na Sumu nayo hupokea taarifa za madhara yaliyotokea baada ya chanjo. Hatua hizi huzaa uchunguzi na kumbukumbu rasmi.

Mlango wa pili ni mahakama, na hapo ndipo fidia hudaiwa. Mdai atathibitisha kwamba kituo kilikuwa na wajibu wa kumhudumia kwa uangalifu, kwamba wajibu huo ulivunjwa, na kwamba kuvunjwa kwake ndiko kulikoleta dhara. Katika hili la tatu mashauri mengi huanguka. Ripoti ya daktari bingwa wa mifupa, pamoja na picha za kiungo, ndiyo nguzo ya dai. Fidia ya maumivu hukadiriwa na hakimu. Lakini nauli, dawa na tiba ya mazoezi ya viungo havilipwi ila kwa risiti. Shauri hufunguliwa mahali dhara lilipotokea au alipo mdaiwa. Kwa hiyo binti aliyedungwa Ruiru atalifungua Ruiru au Thika, ambako mahakama zipo, ijapokuwa wazazi wake wako Mombasa au Lamu.

Jambo linalowapotezea wengi haki ni muda. Dai la uzembe dhidi ya hospitali ya kibinafsi lina ukomo wa miaka 3. Dhidi ya Serikali au mamlaka ya umma, sheria hutoa miezi 12 tu. Aliyedungwa katika hospitali ya umma basi ahesabu miezi 12 tangu siku ya sindano, asingoje zaidi. Na miezi hiyo hupita upesi kwa sababu ya desturi zetu. Dada aliyetoka pwani akikaza bega mwezi wa Julai huko Ruiru, cha kwanza kulaumiwa ni baridi ya bara. Wifi atamwambia ajisugue mafuta ya karafuu; mama mkwe atasema, "Subiri, mwanangu, itapoa." Yote ni mapenzi, lakini mwezi wa tatu ukifika bado hakuna daktari aliyeandika neno.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Afya nayo ni mali. Maumivu yakizidi siku tatu, au mkono ukikataa kuinuka, mama arudi kituoni na kuomba mambo haya yaandikwe: tarehe na saa ya chanjo, jina lake, namba ya toleo iliyo kwenye kichupa, mkono uliodungwa, na saa maumivu yalipoanza. Apige picha alama ya sindano kabla haijafutika, ionekane iko umbali gani na ncha ya bega. Kisha aende kwa daktari mwingine, amweleze kwa mpangilio huo huo. Maandishi ya daktari ya wiki ya kwanza yana uzito kuliko kiapo cha mwaka wa pili. Kituo kikikataa kumpa nakala ya rekodi zake, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa haki ya kuziona; na kwa kituo cha umma, Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inataka ombi lijibiwe ndani ya siku 21.

Kuhusu mawakili, tahadhari. Sheria ya Kenya haitambui mapatano ya wakili kulipwa endapo tu atashinda, basi anayekuja na ahadi hiyo asipewe kadi ya chanjo wala saini. Asiye na uwezo aulizie Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria, Kituo cha Sheria, au chama cha mawakili wanawake, FIDA, chenye ofisi Nairobi na Mombasa.

Kinga nayo inaanzia nyumbani. Mwanamke aliyejisitiri huenda akavuta nguo kutoka shingoni, na muuguzi akaona kipande cha juu cha bega peke yake. Hapo ndipo sindano inapodungwa juu kupita kiasi. Siku ya chanjo vaa ndani nguo yenye mkono mpana unaokunjika mpaka begani, omba muuguzi wa kike na pazia, kaa kitini, na muuguzi naye aketi usawa wako. Kumwambia, "Tafadhali, shuka chini kidogo," si utovu wa adabu.

Wako watakaosema kudai fidia ni kukosa subira. Fiqhi yetu yenyewe imeweka milango ya fidia ya majeraha na dhamana ya tabibu anayekosea kwa kutojua kazi yake, wala haikuwaita wanaodai kuwa ni wachache wa imani. Subira ni kuyavumilia maumivu. Haki nayo ina mlango wake, na mlango huo una siku ya kufungwa. Mpigieni simu binti yenu aliye bara, mumuulize mkono wake unaendeleaje, na kadi yake ya chanjo ameiweka wapi.

Wabillahi tawfiq.